Doa la Utosini

Nyumba ya Bi Shamsa ni mojawapo ya nyumba chache za chini zilizobaki Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kulia kwake kuna ghorofa nane, kushoto ghorofa sita, na nyuma kuna jengo ambalo mafundi bado wanalipandisha. Jua linaingia uani kwake saa tano na kuondoka saa nane. Mchana kutwa maji ya viyoyozi yanadondoka kutoka juu pembeni mwa ukuta, na hapo ndipo kuku wake wanapokunywa.

Bi Shamsa ni fundi cherehani, mjane, umri umeshavuka hamsini. Cherehani yake ameiweka kwenye mlango wa uani ili apate mwanga, kwa hiyo anashona huku akiwatazama kuku. Hakuwa na mpango wa kufuga. Jirani mmoja aliuza nyumba yake, akahamia Chanika, akamwachia kuku majike watano, chotara, wote wa mistari ya kijivu na nyeupe iliyonyooka kama ya kikoi. Jogoo alimpata kivyake: alimnunua Buguruni kwa ajili ya Idi, jogoo wa kienyeji mwekundu, mrefu, mwenye hasira. Idi ile akaitwa kula kwa dada yake Magomeni. Jogoo akapona, na baada ya wiki mbili akawa ndiye mwenye nyumba.

Kuku wa kwanza kutotoa alileta vifaranga kumi na wanne, wote weusi. Mtu mwingine angesema ni vifaranga weusi, basi, akaendelea na shughuli zake. Lakini Bi Shamsa amekaa miaka thelathini akilinganisha vitambaa ambavyo muuzaji anaapa ni rangi moja, na yeye anaona wazi kuwa si rangi moja. Aliona kwamba wanane kati ya wale walikuwa na doa jeupe utosini, dogo tu, kama vile mtu amewagusa kwa kidole chenye chaki. Sita hawakuwa nalo.

Hakulifikiria sana. Manyoya yalipoota, doa likapotea, na wale waliokuwa nalo wakaanza kutoa mistari kama mama yao. Wasiokuwa nalo wakabaki weusi, wengine na wekundu kidogo shingoni. Mwezi wa tatu wenye mistari wakaota upanga kichwani, mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa nne wakaanza kuwika. Wote wanane majogoo. Na wale weusi sita, wote matetea.

"Bahati tu," alijiambia.

Uzao wa pili ulikuwa na vifaranga kumi na mmoja. Safari hii waliokuwa na doa aliwafunga uzi mwekundu mguuni, akawa anaubadilisha kadiri walivyokua usije ukawabana. Nyuzi tano, majogoo watano. Uzao wa tatu hakusubiri hata wapate siku mbili. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo akaandika kwenye mlango wa jiko: *Saba majogoo, watano matetea*, na tarehe, akakataza mtu asifute. Miezi minne baadaye yale maandishi yalikuwa bado yapo, na yalikuwa kweli.

Hapo hakuweza kukaa nalo peke yake. Chumba cha mbele cha nyumba yake amempangisha Candida, mama wa Kichaga kutoka Kilema, anayeuza vifungo, zipu na nyuzi kwa jumla.

"Candida, hebu njoo nikuonyeshe kitu."

"Bi Shamsa, nina wateja."

"Waambie wasubiri. Njoo."

Candida alisimama uani, mikono kiunoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Bi Shamsa mwenyewe hakuwa amejiuliza.

"Kwa hiyo mama ni wa mistari, na hakuna binti yake hata mmoja aliyerithi mistari?"

"Hata mmoja."

"Na wanawe wa kiume wote wanayo?"

"Wote."

Candida akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu mtoto wa kiume anarithi kihamba, shamba la ukoo, binti anaambulia vyungu. Kumbe na kuku wana mila zao!"

Lakini swali lile lilimbaki Bi Shamsa. Usiku akiwa amelala lilimjia, na asubuhi akipiga pasi lilikuwa bado lipo. Kwa nini binti asichukue cha mama yake?

Siku alipokwenda kununua dawa kwa Heriel, kijana wa Kipare mwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko, alimweleza. Heriel alimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mama wa rafiki yako.

"Mama, kifaranga wa siku moja? Kule wanakototolesha kwa mashine kuna watu wamesomea kazi hiyo. Wanampindua kifaranga, wanamtazama chini ya mkia kwa taa, na bado wanakosea."

"Mimi sipindui mtu mkia. Natazama kichwa."

"Basi niletee kumi."

Alimletea kumi kwenye boksi la viatu. Heriel aliandika majibu yake nyuma ya kalenda ya dukani, akawafuga nyuma ya duka, nusura awasahau. Miezi minne ilipoisha alikuja mwenyewe kwa miguu mpaka Mtaa wa Sikukuu, ameishika ile kalenda mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Enhe?"

"Kumi kwa kumi." Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa bila kukaribishwa. "Nieleze tena, taratibu."

Tangu siku hiyo Heriel akawa mpiga debe wake. Kila mteja aliyelalamika kwamba amenunua vifaranga ishirini, kisha kumi na watano kati yao wamekuwa majogoo, alielekezwa kwa mama wa Mtaa wa Sikukuu. Watu wakawa wanakuja kuangalia. Bi Shamsa hakupenda umati uani kwake, ila kuulizwa alikupenda. Alimshika kifaranga kwenye kiganja, akamgeuza kwenye mwanga, akasema "jogoo" au "tetea", na watu wakatikisa vichwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, kideri kikapita. Bi Shamsa alikuwa na sare za shule mia mbili za kushona, siku ya chanjo ikampita. Ndani ya wiki moja alizika jogoo mwekundu na wanne kati ya wale majike wa mistari. Alibaki na jike mmoja mzee wa mistari, matetea sita weusi waliozaliwa humohumo uani, na jogoo mmoja kijana, mwenye mistari, mtoto wa marehemu. Alilia kidogo kwa ajili ya yule mwekundu. Kisha akajifariji: hawa waliobaki ni damu ileile. Yule jogoo kijana alikuwa mzuri, kifua mbele, na kwa kuwika aliwazidi hata mafundi wa ghorofani kwa kelele.

Mwezi wa kumi na mbili Candida alikuwa anajiandaa kwenda Kilema kwa Krismasi kama kila mwaka.

"Bi Shamsa, mama yangu ameniomba kuku wa mayai. Hataki majogoo, anasema anao wa kutosha. Nichagulie kumi na wawili."

Bi Shamsa alikuwa na vifaranga wa wiki mbili, wengi tu, walioanguliwa na wale matetea weusi. Alikuwa ameandika kwenye daftari nani alikuwa na doa na nani hakuwa nalo, na kuwafunga nyuzi. Akatoa kumi na wawili wasio na doa, wote weusi, akawapanga kwenye katoni lenye matundu.

"Mwambie mama, hawa ni matetea. Nakuhakikishia."

Katoni likapanda basi la Moshi.

Mwezi wa pili, akiwa anashona zipu, Bi Shamsa aliinua macho akawaona wale waliobaki wakigombania maganda ya ndizi. Kulikuwa na wenye mistari watatu ambao vichwa vyao vilikuwa laini, bila upanga wowote. Na kulikuwa na weusi wawili waliokuwa wanasimama kifua kwa kifua, manyoya ya shingo yamesimama. Alizima cherehani akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akaiwasha tena. Alijiambia bado ni wadogo. Wiki iliyofuata alijiambia hivyohivyo. Hakumwambia Candida.

Simu ilikuja mwezi wa nne. Candida aliingia uani ameiweka sauti kubwa, na sauti ya mama yake, Bibi Severa, ikajaza ua mzima.

"Candida, huyo rafiki yako wa Dar amenipa kwaya! Saba wanawika. Saba! Wanaanza saa tisa usiku, mmoja akimaliza mwingine anapokea. Na mimi nimeshawatangazia wenzangu wa jumuiya kwamba mwanangu ameniletea kuku wa mayai watupu. Wanakuja kuniuliza, Severa, mayai yako leo yameimba wimbo gani?"

Bi Shamsa aliinamia simu. Alisema, "Mama, nisamehe," lakini simu ilikuwa imeshakatika.

Candida alimgeukia. "Ulisema unahakikisha."

"Nilisema." Bi Shamsa akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Na si hilo tu. Mimi niliona tangu mwezi wa pili kwamba mambo yamebadilika. Nikanyamaza."

Candida akarudi dukani kwake. Tangu hapo alimpitia mlangoni na salamu ya juujuu, na Bi Shamsa alipotaka nyuzi alikwenda kununua duka la mtaa wa pili, kwa aibu.

Aibu ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na jambo lililomsumbua zaidi. Doa halikuwa limedanganya hata mara moja tangu uzao wa kwanza hadi kideri kilipopita. Mkono wake ni uleule, macho yake ni yaleyale, ua ni uleule. Ni nini kilichobadilika?

Alianza kuwahesabu waliobaki. Wenye mistari: majogoo wanne, matetea wanne. Weusi: majogoo watatu, matetea watano. Doa halikumaanisha chochote tena. Heriel, ambaye wateja wawili walikuwa wameshamjia juu, alidhani ni dawa za baada ya kideri, au chakula cha bei rahisi. Bi Shamsa akasema chakula hakishoni mistari.

Jibu alilianzia Buguruni. Alikuwa amekwenda kutafuta jogoo mwingine, na kwenye tenga moja aliona jogoo wa mistari ambaye alimfanya asimame. Mistari yake ilikuwa myeupe mno, imepauka, kama kitambaa kilichofuliwa miaka. Wa kwake nyumbani alikuwa wa kijivu kilichokolea, kama majike.

"Huyu mbona mweupe hivi?" alimuuliza muuzaji.

"Ndivyo walivyo majogoo wa mbegu hii, mama. Baba yake hivihivi, mama yake wa mistari, ukoo mzima."

"Na wakikutana na majike wa mistari, wanazaa nini?"

"Wa mistari. Wote, jogoo na tetea. Kwani ulitaka wazae bata?"

Bi Shamsa alisimama hapo mpaka muuzaji akaanza kumtazama vibaya. Matetea wa mistari, kwa hiyo, wapo. Wanazaliwa, ila baba awe wa mistari. Yule mwekundu hakuwa nayo, na mabinti wote wakatoka bila. Ina maana binti haangalii mama kabisa. Binti anamwangalia baba.

Alirudi nyumbani bila jogoo. Alikata kipande cha kitambaa cha mistari na kipande cheusi, akavitandaza mezani, akavisogeza huku na huku. Jogoo wa Buguruni amepewa mistari na baba na mama pia, amevaa nguo mbili, ndiyo maana amepauka. Jogoo wake yeye amepewa na mama tu, upande wa baba hakuna. Kwa hiyo huyu anaweza kumpa mtoto kipande cha mistari, au kipande kitupu, kwa bahati, bila kujali ni wa kike au wa kiume. Na wale matetea weusi? Baba yao alikuwa mwekundu, na mama hawapi mabinti. Basi hawana kitu cha kutoa.

Jioni ile alimwita Heriel.

"Nataka jogoo mweusi tii, asiye na mstari hata mmoja. Nitamweka na yule mzee wa mistari na matetea weusi wawili. Nakwambia kabla: mzee atazaa wenye doa na wasio na doa, na wenye doa watakuwa majogoo. Weusi hawatazaa doa hata moja."

Heriel akakataa. "Hapo mama unakosea. Weusi wale mama yao ni wa mistari. Damu ya bibi lazima itokee kwa wajukuu, hata mmoja."

"Itatokea kwa wajukuu waliozaliwa na mjomba wao, yule jogoo wa mistari. Si hawa."

"Haya, tuone. Ila subiri wiki tatu kwanza. Jike anahifadhi mbegu ya jogoo wa zamani tumboni. Ukitotolesha sasa hivi utachanganyikiwa."

Hilo Bi Shamsa hakulijua, akaliandika kwenye daftari. Walizungushia kona ya ua milango miwili ya zamani na wavu, wakawatia humo jogoo mweusi aliyeletwa na Heriel na wale majike watatu. Jogoo wa mistari akabaki upande wa pili, akiwika kwa uchungu. Mayai ya mzee yalikuwa ya kahawia, ya matetea yalikuwa meupe, hayakuweza kuchanganyika. Wiki tatu zilipopita ndipo akaanza kuyakusanya, akayalaza chini ya kuku wawili tofauti.

Siku ya ishirini na moja Candida alimkuta amepiga magoti mbele ya kapu. Alikuwa amepunguza hasira, lakini hakuwa amezungumza naye vizuri tangu ile simu.

"Wametoka?"

"Wanatoka. Kaa."

Candida akakaa chini, na sketi yake ya dukani. Walitazama. Kwa yule mzee wakatoka tisa: wanne wana doa, watano hawana. Kisha wakahamia kapu la pili. Kifaranga wa kwanza alikuwa mweusi tupu. Wa pili. Wa tatu. Candida akaanza kuwashika mwenyewe, akiwageuza kwenye mwanga kama anatafuta noti bandia. Kumi na watatu, na hakuna doa hata moja.

"Bibi yao ni huyu hapa," Candida akasema akimwonyesha yule mzee wa mistari aliyekuwa akichakura pembeni. "Na hawana kitu chake hata kidogo?"

"Vingine labda wanavyo. Mistari hawana."

"Kwa hiyo ulipompa mama yangu wale kumi na wawili..."

"Baba yao alikuwa mchanganyiko na mama zao walikuwa weusi. Doa lilikuwa linaangukia popote. Mimi nilidhani alama ni ya kifaranga. Kumbe ni ya wazazi wake. Ukishabadilisha wazazi, alama inakufa." Akamtazama Candida. "Ningekwambia mwezi wa pili ungemwandaa mama. Hilo halina maelezo ya kuku."

Candida alimrudisha kifaranga kwenye kapu. "Halina," alisema. Kisha akasema, "Na nyuzi uache kununua kwa yule jamaa. Zinakatika."

Walisubiri mpaka mwezi wa kumi na moja ili wawe na uhakika. Kwa mzee wa mistari, wanne wenye doa wote waliwika, watano wote walikuwa matetea. Kwa weusi, watano waliwika na wanane hawakuwika, na hakuna aliyetoa mstari. Heriel alikuja kuwatazama mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Nimekubali," akaomba kunakili daftari.

Candida ndiye aliyempigia simu mama yake, akampa Bi Shamsa azungumze. Bi Shamsa aliomba radhi upya, akaeleza yote, jogoo mwekundu, jogoo mchanganyiko, vipande vya kitambaa. Upande wa pili palikuwa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

"Nipo," Bibi Severa akasema. "Nafikiria. Wale saba wako, watano tumewala. Wawili nimewabakiza, weusi kabisa, wazuri. Hapa kwa jirani kuna majike wa mistari kama unavyowaeleza. Nikichukua watatu, nikawaweka na hawa wawili?"

Bi Shamsa akafikiria, akahesabu kwa vidole. "Mama, hao ndio wazazi wanaotakiwa. Baba asiye na mistari, mama wa mistari. Wasio na doa watakuwa matetea."

"Unahakikisha?"

"Sihakikishi. Nakwambia nilivyoona. Wewe andika, kisha unipigie."

Bibi Severa akacheka, kicheko kikavu cha mtu wa milimani. "Nitaandika. Sasa na mimi nina langu la kukuuliza. Hapa kuna kuku wangu ana miguu myeupe, jogoo naye miguu myeupe, na kila wakizaa wanatoa mmoja au wawili wenye miguu ya manjano kama papai. Miaka mitatu sasa. Hiyo ya manjano inatoka wapi?"

Bi Shamsa alitazama uani, miguu ya kuku wake wote, mmoja baada ya mwingine, kama vile alikuwa hajawahi kuiona.

"Hilo sijui, mama," alisema, akivuta daftari. "Hebu nianzie mwanzo. Mama wa huyo kuku alikuwa na miguu ya rangi gani?"